Nina hela ya bodi ya M6 tu, lenzi sina. Nichukue?

Marahaba mdogo wangu, na samahani nimechelewa kukujibu, swali lako nilitaka nilikalie vizuri kwanza maana hili kosa nimeona watu wengi wanalifanya na mi mwenyewe nilishalikaribia.

Kwa wengine wanaosoma, swali lenyewe kwa kifupi: ana Canon AE-1 na lenzi yake ya 50 mm f/1.8, ameitumia miaka mitatu, anapiga watu zaidi kuliko vitu vingine, mtaani na kwenye shughuli za ndugu, sana sana filamu ya nyeusi na nyeupe, anavaa miwani, na anaona 50 inambana, anatamani 35. Amejibana mpaka sasa hela inatosha bodi ya Leica M6 iliyotumika, kamera ya filamu ya aina ya renjifainda, bodi tupu, lenzi itafuata "baada ya miezi kadhaa, au nikope". Anauliza achukue bodi sasa kabla bei haijapanda tena, au ashuke achukue kitu cha chini yake, na je tofauti ipo kweli au tunalipia jina.

Usichukue M6. Sio kwamba ni mbaya, ni kamera nzuri sana, ila kwa hela uliyonayo utabaki na bodi kabatini isiyoweza kupiga picha hata moja, na ukikopa lenzi ndo utakosa hela ya filamu, na renjifainda bila filamu nyingi huwezi kuizoea. Mi napiga hesabu hivi kwa mtu anayetoka kwenye SLR (kamera ya kuangalia kupitia lenzi, kama hiyo AE-1 yako): nusu ya hela yote iende kwenye bodi, robo na ushee kwenye lenzi, kinachobaki ni cha sevisi na filamu na kisiguswe. Ukiweka hela yako kwenye hesabu hiyo utaona M6 inatoka yenyewe mezani bila mtu kuifukuza.

Tofauti ipo, tena kubwa, ila haipo pale watu wanapodhani. Picha zako hazitakuwa kali zaidi ghafla, ile 50 ya Canon uliyonayo ni kali ya kutosha na kwenye karatasi ya ukubwa wa kawaida hakuna atakayekuambia hii imetoka kamera gani. Kinachobadilika ni jinsi unavyoona. Kwenye AE-1 unaangalia kupitia lenzi yenyewe, kilicho nje ya fokasi unakiona kina ukungu, ukibonyeza kioo kinaruka na sekunde ile ya picha wewe huioni. Kwenye renjifainda unaangalia kupitia dirisha la pembeni, kila kitu kikali muda wote, cha mbali na cha karibu, alafu kuna mistari inayokuonyesha picha itaishia wapi na nje ya mistari unaendelea kuona mtu anayekuja kuingia kwenye fremu, unamsubiri, anaingia, unabonyeza. Katikati kuna kile kidoa chenye taswira ya pili, unazungusha lenzi mpaka taswira mbili zikae juu ya mwenzake, basi umefokasi. Gizani ni raha kuliko SLR, na kwa sababu hakuna kioo kinachoruka ukitulia unaweza kupiga 1/15 mkononi na picha ikatoka.

Hasara zake nazo uzijue mapema maana wauzaji hawazitaji. Huoni kina cha fokasi kabisa (yani kuanzia wapi mpaka wapi vitu vitatoka vikali), unakisia kwa namba zilizochorwa kwenye lenzi. Lenzi nyingi za Leica M (familia ya hiyo M6) haziendi karibu zaidi ya sm 70 na za zamani huishia mita 1, wakati hiyo yako ya Canon inafika sm 60, inaonekana tofauti ndogo ila ukitaka uso wa mtoto mchanga ujaze fremu utaisikia. Lenzi ndefu ya mwisho yenye maana ni 90, ile 135 ipo ila mistari yake ni kamraba kadogo katikati kama stempu. Zumu hakuna. Na kifuniko cha lenzi! Kwenye SLR ukisahau kifuniko unaona giza, huku unaona dunia yote vizuri kabisa inapendeza na filamu inapata giza tupu. Mi nilishapiga nusu ya roli kwenye harusi ya binamu yangu kifuniko kikiwa mahali pake, na nilikuwa nimeshaitumia kamera ile mwaka mzima, kwa hiyo usije ukadhani ni ugonjwa wa wageni tu. Tangu siku hiyo naweka filta ya kulinda kioo na kifuniko kinabaki kwenye begi, ingawa nalo lina shida yake nitakuambia mbele.

Kwa hiyo kabla ya lolote jaribu kwanza kama mkono wako unaipenda hii namna ya kupiga. Azima ya mtu wiki moja. Kama huna wa kumwazima, tafuta renjifainda ndogo ya lenzi isiyotoka, Canon Canonet QL17 GIII ya 1972 yenye 40 mm f/1.7, au Yashica Electro 35 iliyoanza 1966 yenye 45 mm f/1.7, au Olympus 35 RC kama unataka ndogo ya mfukoni. Hizi ni sehemu ndogo sana ya bei ya M na ukichoka unaiuza kwa bei ileile. Angalia tu betri, Canonet ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haitengenezwi tena, ukiweka ya kisasa ya volti 1.5 mita inasoma vibaya, kwa hiyo ama utumie ya zinki na hewa kama zile za mashine za kusaidia kusikia, ama uache mita upime mwenyewe, shata yake (kile kinachofungua na kufunga mwanga kwenye filamu) inafanya kazi bila betri. Electro ni ya umeme, bila betri inabaki na spidi moja tu, na ukivuta filamu usiposikia ule mlio wa "klak" ndani ujue kile kipira chake kidogo kimeoza na inahitaji fundi. Piga roli tano sita na hiyo. Kuna watu wakifika roli ya tatu wanagundua wanapenda kuona fokasi kwenye kioo na wanarudi kwenye SLR yao kwa amani, wameokoa hela nyingi.

Haya, tuseme umeipenda. Sasa bodi.

M6 ilitoka 1984 na kimsingi ni M4-P iliyowekewa mita ya mwanga. Hicho ndo kitu ninachotaka ukishike, maana M4-P ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina mistari ileile ya fremu sita, 28, 35, 50, 75, 90 na 135, ukuzaji uleule wa 0.72 (vitu dirishani vinaonekana vidogo kidogo kuliko kwa jicho), shata ileile ya kitambaa inayoishia 1/1000, spidi ileile ya flashi ya 1/50, na mara nyingi unaikuta kwa bei ya chini sana kuliko M6. Tofauti ni vitaa viwili vyekundu ndani ya vyufainda, yani lile dirisha la kuangalia, vinavyokuambia mwanga umezidi au umepungua. Vitaa hivyo ni vitamu, sikatai, ila tofauti ya bei yake inaweza kukununulia lenzi nzima, na kipima mwanga unaweza kukipata kwenye simu yako bure. Mwaka 2022 Leica waliirudisha M6 mpya kiwandani, watu wakadhani za zamani zitashuka bei, hazikushuka kihivyo, jina limeshakuwa kubwa.

Chini ya M4-P kuna M4-2, hii ilitengenezwa Midland, Ontario, huko Canada, miaka ya mwisho ya 1970 wakati kampuni inajaribu kuifufua M baada ya M5 kutokuuzika vizuri. Wakusanyaji wanaidharau kwa sababu sio ya Wetzlar, nyumbani kwa Leica Ujerumani, na walirahisisha vitu kwenye utengenezaji, na dharau yao ndo nafuu yetu sisi. Mistari yake ni 35, 50, 90 na 135, ina kiatu cha flashi chenye umeme, filamu inaingia kirahisi. Kwa mtu wa 35 mwenye miwani hii kwangu ndo namba moja, na miwani ina sababu yake: kwenye ukuzaji wa 0.72 mistari ya 35 unaiona yote ukiwa umevaa miwani, ile ya 28 utakuwa unazungusha jicho kutafuta kona, kwa hiyo ile 28 ya ziada ya M4-P au M6 wewe ungeilipia bila kuitumia.

M2 ya 1957 nayo iweke kwenye orodha. 35, 50 na 90, fremu moja moja kwenye dirisha, safi kuliko zote kuangalia, imetengenezwa kwa shaba na inavuta filamu kama inapita kwenye siagi ikiwa imetunzwa. Ina usumbufu wake, kihesabu picha unakirudisha mwenyewe kwa kidole kila roli, filamu unaichomeka kwenye kispuli kinachotoka, na duara la vyufainda ni chuma tupu litakukwaruza miwani, bandika kipira chembamba pale siku ya kwanza.

M3 kila mtu atakuambia ununue, ya 1954, na ina vyufainda bora kuliko zote, 0.91, unaweza kupiga macho yote mawili wazi. Ila haina mistari ya 35. Mistari yake inaanzia 50. We umesema 50 inakubana, sasa M3 unaenda kufanya nayo nini? Kuna lenzi za 35 zenye kimiwani chake mbele kilichotengenezwa kwa ajili ya M3, zinafanya kazi, ila ni nzito na kile kimiwani kikigongwa kidogo tu fokasi inahama. Mwenye kupenda 50 achukue M3 asigeuke nyuma, we iache. M5 kubwa mno kwa mtu anayetoka kwenye AE-1 akitafuta wepesi, na mita yake ni ya betri ileile ya zebaki. Leica CL ya 1973 iliyotengenezwa na Minolta ni ndogo na nzuri ila mita nyingi zimekufa na renjifainda yake ni fupi.

Nimesema fupi, ngoja nieleze maana hapa ndo watu wanapigwa. Usahihi wa fokasi unategemea umbali kati ya madirisha mawili ya mbele, ukizidisha kwa ukuzaji wa vyufainda. Kwenye M za 0.72 unapata karibu mm 50. M3 inapita 60. CL inabaki kama 19. Kwa 35 mm f/2.5 hata 25 ya kamera za Bessa inatosha kabisa, kina cha fokasi ni kirefu kitakubeba, ila ukija kuweka 90 mm f/2 ukaifungua yote kwenye renjifainda fupi utapata masikio makali na macho yenye ukungu. Sasa unaelewa kwa nini Bessa ni nafuu.

Bessa ndo mlango mwingine. Cosina wa Japani walizitengeneza kwa jina la Voigtländer, ya kwanza yenye renjifainda, Bessa R, ilitoka 2000 na ni ya lenzi za skrubu (zinazofungwa kwa kuzungushwa), kuanzia R2 nyingi zina mdomo wa M, na za mwisho zilisimamishwa 2015. R2A na R2M zina mistari ya 35, R3A na R3M zina ukuzaji wa moja kwa moja ila zinaanzia 40, kwa hiyo wewe ni R2. Zenye A zinajichagulia spidi na zinataka betri, zenye M shata ni ya kimakenika na betri ni ya mita tu. Zina mita, zinafika 1/2000, mlango wa nyuma unafunguka kama kamera ya kawaida, ni nyepesi. Mlio wake ni mkali kuliko Leica, na renjifainda ikigongwa inahama kirahisi zaidi, hilo nimeliona kwenye zilizopita mikononi mwangu. Ila ukiniuliza Bessa R2M na lenzi nzuri mpya, au M6 tupu? Bessa bila kufikiri mara mbili, na lenzi hiyo siku ukipata Leica unaihamisha tu.

Zeiss Ikon ya kisasa, nayo kazi ya Cosina, ina vyufainda kubwa inayong'aa na kwa mwenye miwani ni tamu kuliko M yoyote ya 0.72, ila ni ya umeme na bei imeshapanda ikaanza kusogelea Leica. Konica Hexar RF ya 1999 na Minolta CLE nazo ni za umeme, nzuri sana zikiwa hai, siku bodi ya umeme ikifa spea hamna, unabaki na uzito wa kushikilia karatasi. Kwa hela ya kujibana nisingekushauri uwekeze kwenye saketi yenye umri huo.

Na kama baada ya hesabu bado hela haifiki kwenye M yoyote, usione aibu kushuka kwenye skrubu ya mm 39. Canon P ya 1959 ina vyufainda ya moja kwa moja, mistari ya 35, 50 na 100 imekaa yote pamoja wakati wote, kwa miwani hiyo 35 imebana ukingoni ila inaonekana ukisogeza jicho. Pazia lake la shata ni chuma, utakuta limekunjamana kama karatasi na bado linafanya kazi vizuri tu, usilikimbie kwa sura. Canon 7 ya 1961 unachagua fremu moja moja, ina mita ya selenium ambayo mara nyingi imechoka, ipuuze. Leica IIIf na ndugu zake ni vito vya kushika mkononi, ila dirisha la kufokasia ni lake na la kuangalia picha ni lake, filamu inaingilia chini na lazima uikate ulimi mrefu kwanza, kwa mtu wa harusi na mtaani utatukana. Zorki na FED za Kisovieti ni za kujifunzia, kumbuka tu kwenye Zorki 4 unavuta filamu kwanza ndo unabadili spidi, ukifanya kinyume unaivunja, na vyufainda zake nyingi hazina mistari yoyote.

Lenzi sasa. Watu wanamalizia hela yote kwenye bodi wakati lenzi ndo inayochora picha, bodi ni sanduku la giza lenye saa ndani. Huhitaji lenzi ya Leica ili utumie Leica. Voigtländer Color-Skopar 35 mm f/2.5 ni ndogo kama kifuniko cha chupa, kali kona mpaka kona, inapatikana ya mdomo wa M na ya skrubu, na ya skrubu inaingia kwenye M kwa pete nyembamba ya adapta, fokasi inabaki sahihi kabisa ila hakikisha pete ni ya 35, kwa sababu pete ndo inayoiambia kamera ilete mistari gani. Ukipata ya 50 itafanya kazi ila utaona fremu ya 50. Kama f/2.5 unaiona ndogo kwa ndani usiku, ipo Nokton 35 mm f/1.4 ya Voigtländer, ina tabia kidogo ikifunguliwa yote, taa zinamwagika mwanga pembeni, wengine wanaipendea hilo, mi kwa nyeusi na nyeupe naipenda, kwa rangi sina uhakika na macho yangu.

Kuna njia ya ujanja wanaopenda wabanaji: 40 mm. Summicron-C 40 mm f/2 iliyotoka na Leica CL, na ndugu yake M-Rokkor 40 mm f/2 ya Minolta, ni lenzi kali ndogo ambazo wengi wanazikwepa kwa sababu kwenye M zinaleta mistari ya 50. Kuna wanaosaga kile kidole cha nyuma cha lenzi ili ilete mistari ya 35. Usisage bana, zoea tu kwamba picha inatoka pana kidogo kuliko mistari ya 50. Na kwa aliyebanwa na 50, 40 huwa inatosha kuliko anavyodhani.

Lenzi za zamani za Canon za skrubu ni nafuu, 35 mm f/2 ni nzuri sana ukiipata safi. Ile 50 mm f/1.8 nyingi zina utando kwenye kioo cha ndani nyuma ya apacha (tundu la kuruhusu mwanga, zile namba za f), na wakati mwingine utando umeshakula kioo, hata ukisafisha hautoki. Jupiter-8 na Industar-61 za Kisovieti zina sura nzuri na bei ya chai, ila zilipimwa kwa vipimo tofauti kidogo na vya Leica, kwa hiyo kwa mbali ni sawa, kwa karibu apacha ikiwa wazi fokasi inakosea. Ukifunga mpaka f/5.6 huoni tatizo.

Kupima mwanga bila mita usiogope. Jua kali weka spidi karibu na ISO ya filamu na apacha f/16, yani filamu ya 400 ni 1/500 na f/16, kivuli cha wazi fungua stopu tatu (kila stopu ni mwanga mara mbili) mpaka f/5.6, ndani ya nyumba yenye taa piga 1/30 na f/2 au f/2.8, alafu simu ikuhakikishie mara moja ukiingia sehemu mpya, sio kila picha. Filamu ya nyeusi na nyeupe kama HP5 Plus au Tri-X inavumilia stopu moja au mbili za kuzidi bila kulalamika. Baada ya mwezi utashangaa unavyojua mwanga kabla hujatoa simu, na watu wa M6 wanaosubiri vitaa viwili vikubaliane watakuwa bado wanazungusha.

Sasa kununua, hapa uwe mkali maana kamera hizi nyingine zina miaka sitini na mafuta yake ya ndani yameshakuwa gundi. Kitu cha kwanza kuangalia sio mikwaruzo, ni kile kidoa cha katikati. Angalia kitu cha mbali sana, mwezi au mnara, lenzi ikiwa kwenye mwisho wa mbali taswira mbili zikae pamoja kabisa, kushoto kulia na juu chini. Ikikosea kidogo fundi anairekebisha kwa bisibisi na dakika chache. Ila kidoa kikiwa kimefifia hakionekani vizuri hata mchana, au kimepata madoa meusi, hapo ni kioo cha ndani kimeharibika na hiyo ni bili inayoweza kukaribia bei ya bodi, weka chini ondoka.

Alafu spidi za polepole. Weka 1, ½, ¼, 1/8, sikiliza ule mlio wa saa, uende sawasawa bila kusita. Ikikwama katikati ni sevisi tu, kubaliana na bei ipunguzwe. Spidi ya juu ni ngumu zaidi kusikia, toa lenzi, fungua chini na mlango wa nyuma, elekeza kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, piga 1/1000 huku simu inarekodi video ya polepole kutoka nyuma, upande mmoja ukionekana mweusi kila mara ujue pazia moja linamkamata mwenzake. Pazia lenyewe limulike kwa tochi ya simu kutoka mbele ukiwa chumba chenye giza, uangalie nyuma, mara moja kabla ya kuvuta filamu na mara moja baada ya kuvuta, kwa sababu mapazia ni mawili. Vitundu vidogo kama sindano vinatokana na jua, lenzi inafanya kazi kama kioo cha kuwashia moto na kitambaa kinaungua. Hii ndo ile shida niliyosema ya kutokuwa na kifuniko: mi yangu niliiunguza mwenyewe, niliiacha dirishani saa za mchana ikiangalia nje, apacha wazi, nikaja kuona vidoti vyeupe kwenye kila picha mpaka nikadhani ni filamu mbovu. Kubadilisha mapazia yote mawili na sevisi nililipa hela ambayo ingenitosha filamu ya mwaka. Ukipumzika ielekeze chini, na apacha ifunge.

Ngozi ikiwa imevunjika vipande sio tatizo, rangi ikiwa imetoka sio tatizo, ndo kwanza inakushushia bei. Kona ya juu iliyobonyea upande wa madirisha ni tatizo mpaka ithibitishwe vingine. Lenzi imulike kutoka nyuma, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, wingu jeupe ni utando, vumbi kidogo ni kawaida ya uzee.

Na hela ya sevisi itenge hata kama muuzaji anaapa ilifanyiwa juzi. Akiwa na risiti ya fundi, vizuri. Akiwa na maneno tu, hesabu kwamba haijafanyiwa. Sevisi kamili, kufunguliwa, kusafishwa, mafuta mapya na kupimwa spidi, ikifanywa vizuri unasahau habari hiyo kwa miaka mingi, na bodi hizi za kimakenika ndo uzuri wake, fundi anayezijua anaweza kuzirudisha hai karibu kila mara.

Filamu nayo kwa sababu we ni wa nyeusi na nyeupe nunua lile roli kubwa la mita 30.5 na ujaze mwenyewe, unapata roli kama 18 za picha 36, unaokoa ya kutosha. AE-1 usiiuze. Haitakuletea hela ya maana na siku ukitaka uso wa karibu au lenzi ndefu utaihitaji.

Kwa hiyo ningekuwa wewe: ya kuazima au Canonet kwanza, mwezi mmoja. Alafu M4-2 au M2 iliyochakaa nje na nzima ndani, Color-Skopar 35 juu yake, ikikosekana kabisa ni Bessa R2M. Ukiona tangazo la moja kati ya hizo usilipe kwanza, mwombe muuzaji picha ya pazia kwa nyuma limevutwa na halijavutwa, picha ya kidoa kupitia vyufainda, na video ya sekunde chache akipiga 1, 1/8 na 1/1000, alafu nitumie niangalie. Akikataa kutuma video ya spidi ya sekunde moja, jibu umeshapata.